Chuma Juu, Mbao Chini: Historia ya Utumishi wa Manowari ya Mvuke Cairo katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza historia ya utumishi wa Cairo, manowari ya mizinga iliyoendeshwa kwa mvuke na kuitumikia serikali ya Muungano katika mito ya magharibi wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865). Utumishi huo ulikuwa mfupi. Manowari iliingizwa kazini rasmi tarehe 16 Januari 1862 na ikazama tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, yaani baada ya siku 330. Katika muda huo ilishiriki mapigano mawili tu ya kutajika, na katika yote mawili si yenyewe iliyoamua matokeo. Mtafiti anayetafuta ushujaa atafaidika zaidi akiisoma Carondelet, chombo ndugu, ambacho kumbukumbu zake za vita ni nyingi.

Cairo imechaguliwa hapa kwa sababu nyingine. Ni miongoni mwa manowari za kwanza kabisa duniani kuzamishwa vitani kwa bomu lililotegwa majini, na kati ya manowari saba za aina yake ndiyo pekee ambayo mabaki yake yanaweza kutazamwa leo. Aidha, kuzama kwake kumezoeleka kuelezwa kwa neno moja: pupa ya nahodha. Makala haya yanadai kwamba pupa hiyo, ingawa ilikuwepo, haitoshi kuwa maelezo. Chanzo cha hasara kinapatikana katika hesabu za wasanifu wa chombo na katika aina ya kazi kilichopewa.

Kuhusu jina, msomaji asidhani kwamba pana uhusiano wa moja kwa moja na mji mkuu wa Misri. Manowari ilipewa jina la mji mdogo wa Cairo, jimboni Illinois, ulioko pale mto Ohio unapomwagikia mto Mississippi. Mji huo ndio uliokuwa kituo kikuu cha kikosi cha mtoni cha Muungano.

2.0 Mito kama barabara za vita

Mwaka 1861 Jenerali Winfield Scott alipendekeza mpango wa kulibana Shirikisho la majimbo ya kusini kwa njia mbili: kuzifunga bandari zake za baharini na kuuteka mto Mississippi mpaka mdomoni. Reli zilikuwepo, lakini zilikuwa chache na rahisi kung’olewa. Mto haung’olewi. Anayemiliki maji husafirisha askari, chakula na baruti kwa gharama ndogo, na tena hukata eneo la adui vipande viwili. Mito ya Tennessee na Cumberland nayo ilikuwa milango ya kuingilia moja kwa moja katika moyo wa kusini.

Jambo hili halikuwa mbali na pwani ya Afrika Mashariki kama linavyoweza kudhaniwa. Kitambaa cha merikani, kilichouzwa Unguja na kubebwa na misafara hadi bara, kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba ya kusini, pamba iliyolimwa na watumwa, na ambayo kwa sehemu kubwa ilishushwa kwa mto hadi New Orleans. Vita vilipozifunga njia hizo, merikani iliadimika Unguja, na vitambaa vya Uingereza na India vikapata nafasi.

3.0 Umbo la chombo na kazi ya mvuke

Mkataba wa kujenga manowari saba ulitiwa saini tarehe 7 Agosti 1861 kati ya serikali na James B. Eads wa St. Louis, mtu aliyetajirika kwa kuopoa mizigo ya meli zilizozama katika Mississippi. Bei ilikuwa dola 89,600 kwa kila chombo, na vyote vilitakiwa kuwa tayari kufikia tarehe 10 Oktoba. Hakuna kilichokamilika kwa wakati. Nne zilijengwa Carondelet, Missouri. Tatu, ikiwemo Cairo, zilijengwa Mound City, Illinois. Usanifu wa umbo ulikuwa wa Samuel M. Pook, na kwa sababu ya mgongo wao mpana uliobinuka mabaharia walizoea kuziita kasa wa Pook.

Cairo ilikuwa na urefu wa mita 53 na upana wa takribani mita 15.6, lakini ilizama majini kiasi cha mita 1.8 tu. Kipimo hiki cha mwisho ndicho cha kuangaliwa zaidi. Mito ya magharibi ina mafungu ya mchanga yanayohama kila msimu, na chombo kinachohitaji kina kikubwa hakifai kitu wakati maji yanapopungua. Hivyo Pook alitakiwa kusanifu jukwaa la kubebea mizinga 13, injini, makaa ya mawe na watu zaidi ya 150, kisha alifunike kwa chuma, na bado lielee katika maji ambayo mtu mrefu angeweza kusimama akabakiza utosi.

Jawabu lake lilikuwa sanduku la mbao nene lenye kuta zilizoinama, ili risasi ya mzinga iteleze badala ya kupiga kwa nguvu zote. Juu ya mbao hizo yaligongomewa mabamba ya chuma yenye unene wa milimita 64. Chuma chote kilikuwa na uzito wa tani 122 kwa kipimo cha Marekani, na hakikutosha kufunika kila mahali. Kiliwekwa mbele, kwa kuwa manowari hizi zilitarajiwa kupigana zikiwa zimemwelekezea adui omo, na pembeni mwa injini na boila. Tezi na sehemu kubwa ya ubavu zilibaki mbao. Chini ya mstari wa maji hapakuwa na chuma hata kidogo. Kila bamba lililoongezwa lingekishusha chombo zaidi majini, na hatari iliyofikiriwa ilikuwa moja: mizinga ya ngome za ukingoni. Ukuta ulijengwa kumkabili adui anayefyatua kutoka juu.

Mvuke ulitoka katika boila tano zilizolazwa sambamba na kuendesha injini mbili. Hizo ziligeuza gurudumu moja kubwa la makasia lililofichwa ndani ya sanduku, katikati kuelekea tezi, ili lisivunjwe na mizinga. Chombo kilipokwenda kwa nguvu kilikula takribani tani moja ya makaa kwa saa. Kwa hiyo utumishi wa manowari ya mtoni hauwezi kueleweka bila tishali za makaa zilizoifuata au kuisubiri. Mipaka ya safari zake ilichorwa na akiba ya makaa kabla ya kuchorwa na amri ya kamanda. Maji ya boila yalichotwa mtoni moja kwa moja, na matope yake yaliwapa mafundi kazi isiyokwisha ya kusafisha.

Mvuke huohuo ulikuwa adui wa ndani. Boila zilikuwa kubwa mno kufichwa zote chini ya mstari wa maji katika chombo chenye kina kifupi namna hii, hivyo risasi moja iliyopenya iliweza kuua watu wengi kuliko makombora kadhaa. Katika shambulio la Ngome ya Henry, tarehe 6 Februari 1862, manowari Essex ilipigwa boila na mabaharia wake wakaunguzwa na mvuke. Mound City, ndugu wa Cairo aliyejengwa katika karakana ileile, ilipigwa tarehe 17 Juni 1862 karibu na St. Charles katika mto White. Mvuke ulifumuka ndani ya sanduku lililofungwa, na watu zaidi ya 100 kati ya takribani 175 wakafa. Ni dhahiri kwa nini chuma kichache kilichokuwepo kilirundikwa kuzunguka boila.

Pia kasi ilikuwa ndogo. Manowari za Pook zilipanda mto kwa shida, na makamanda waliogopa kupigana zikielekea mkondo unakokwenda, kwa sababu chombo kilichoharibika injini katika Mississippi kingechukuliwa na maji hadi mikononi mwa adui aliyeko chini ya mto.

4.0 Utumishi kuanzia Januari hadi Novemba 1862

Mwanzoni Cairo haikuwa mali ya jeshi la wanamaji. Kikosi cha mtoni kilimilikiwa na wizara ya vita, yaani jeshi la nchi kavu, ingawa makamanda wake walikuwa maofisa wa wanamaji. Mkanganyiko huo ulidumu hadi tarehe 1 Oktoba 1862, vyombo vilipohamishiwa rasmi kwa wanamaji. Kwa miezi hiyo yote suala la nani alipe, nani alishe na nani atoe mabaharia lilikuwa la kubishaniwa. Uhaba wa mabaharia ulikuwa sugu: waliandikishwa watu wa mashua za mtoni, askari waliohamishwa kutoka vikosi vya miguu na wahamiaji kutoka Ulaya.

Hapa inafaa kutaja amri ya Waziri wa Wanamaji, Gideon Welles, ya tarehe 25 Septemba 1861, iliyoruhusu watumwa waliotoroka kuandikishwa katika manowari za Muungano. Waliandikishwa kwa cheo cha chini kabisa na kwa mshahara usiozidi dola 10 kwa mwezi. Kufikia mwisho wa vita takribani Wamarekani weusi 18,000 walikuwa wamehudumu katika jeshi la wanamaji, wengi katika kazi za makaa na moto, kazi ambazo ripoti za manahodha hazina mazoea ya kuzitaja.

Nahodha wa kwanza wa Cairo alikuwa Luteni James M. Prichett, akafuatiwa na Nathaniel Bryant. Manowari haikuwahi mapigano ya Ngome za Henry na Donelson. Ngome hizo zilipoanguka, Cairo ilipanda mto Cumberland, ikashiriki kuikalia Clarksville, na tarehe 25 Februari ikafika Nashville ikisindikiza meli za askari. Mji huo, makao makuu ya jimbo la Tennessee, ulikuwa umeachwa na majeshi ya Shirikisho. Hapakuwa na mapigano; lakini kuonekana kwa manowari mbele ya mji mkuu wa jimbo la adui kulikuwa na uzito wake wa kisiasa.

Kuanzia tarehe 12 Aprili ilipangiwa kulinda mashua zilizobeba mizinga mifupi ya kurusha mabomu kwa mwinamo mkali dhidi ya Ngome ya Pillow. Kazi hii iliendelea wiki baada ya wiki, mabomu yakirushwa mchana na makaa yakipakiwa usiku. Tarehe 10 Mei, karibu na kona ya Plum Point, meli za Shirikisho zenye omo lililoimarishwa kwa kugongea ziliibuka ghafla zikaipiga Cincinnati na Mound City chini ya mstari wa maji. Zote mbili zikakaa sakafuni mwa mto, ingawa baadaye ziliinuliwa na kurudishwa kazini. Cairo ilishiriki kujibu shambulio na haikuumia. Mtafiti hana budi kuisisitiza siku hiyo. Miezi saba kabla ya Yazoo, ilikwisha kuthibitika mbele ya macho ya kikosi kizima kwamba manowari hizi huuawa kwa kupigwa chini.

Shirikisho liliihama Ngome ya Pillow usiku wa tarehe 4 Juni, na tarehe 6 Juni yakafuata mapigano ya Memphis. Cairo ilikuwa mmoja wa vyombo vitano vya deraya vilivyopangwa pamoja na meli za kugongea za Charles Ellet. Mapambano hayakufikia saa mbili, watu wa Memphis wakiyatazama kutoka kwenye kingo za juu. Kati ya meli nane za Shirikisho ilinusurika moja, na mji ukasalimu amri siku hiyohiyo. Sifa nyingi zilikwenda kwa meli za kugongea, tena kwa haki.

Miezi iliyobaki ilikuwa ya doria: kulinda meli za mizigo, kukagua kingo, kutengeneza mitambo, kuugua homa za mabonde ya mto. Ndiyo sehemu ndefu zaidi ya utumishi wake.

5.0 Mto Yazoo, tarehe 12 Desemba 1862

Septemba 1862 chombo kilikabidhiwa kwa Thomas O. Selfridge, ofisa wa miaka 26. Alikuwa katika manowari ya mbao Cumberland tarehe 8 Machi mwaka huo ilipotobolewa na kuzamishwa na Virginia, manowari ya deraya ya Shirikisho. Aliyeshuhudia mbao zikishindwa na chuma sasa alipewa chuma.

Mwezi Novemba Cairo ilijiunga na msafara wa mto Yazoo, unaoingia Mississippi juu kidogo ya Vicksburg. Jenerali William T. Sherman alikusudia kuwashusha askari wake katika ukingo wa Yazoo ili kuishambulia Vicksburg kutoka ubavuni, na kwa hiyo mto ulipaswa kusafishwa kwanza. Tarehe 11 Desemba vyombo viwili vyepesi, Marmora na Signal, vilipanda mto vikakuta mabomu yaliyotegwa majini. Kapteni Henry Walke akaamuru virudi kesho yake vikilindwa na Cairo, Pittsburg na meli ya kugongea Queen of the West, akitoa tahadhari kuhusu mabomu hayo.

Silaha yenyewe ilikuwa ya kimaskini: chupa kubwa za kioo, za aina iliyotumika kuhifadhia pombe, zilizojazwa baruti na kuning’inizwa chini ya uso wa maji. Zilitengenezwa na Zere McDaniel na Francis Ewing, waliofanya kazi chini ya Isaac N. Brown, ofisa wa Shirikisho. Maandishi mengi yanasema mabomu yalilipuliwa kwa umeme na watu waliojificha nyuma ya ukingo. Brown mwenyewe aliandika baadaye kwamba chupa ziliunganishwa mbilimbili kwa waya na kuwekewa vifyatulio vya kusugua, ili chombo kikiubeba waya kwa omo kizivute na kuzilipua pamoja. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, maelezo ya Brown yanaafikiana vizuri zaidi na milipuko miwili iliyofuatana papo hapo, kama ripoti ya Selfridge inavyoonyesha.

Asubuhi hiyo Marmora ilitangulia. Iliposimama na kuanza kufyatua bunduki, Selfridge alidhani imeshambuliwa akaisogelea, akaambiwa kwamba bunduki zililenga kitu kinachoelea. Mashua ndogo ikateremshwa, kitu kikakaguliwa, kikawa mabaki ya bomu. Wakati huo omo la Cairo lilikuwa limesukumwa na maji kuelekea ukingoni. Ikarudi nyuma ikajiweka sawa. Marmora iliagizwa kusonga mbele lakini ikasita. Selfridge akaamua kupita mwenyewe. Ilikuwa karibu saa sita mchana. Gurudumu halikuwa limezunguka mara nyingi pale milipuko miwili ilipotokea, mmoja chini ya omo upande wa kushoto kwa nguvu iliyoinua mizinga kutoka sitahani.

Katika dakika mbili au tatu maji yalifunika sitaha ya mbele. Mabomba ya kutolea maji yalifanya kazi bure. Selfridge alikisukuma chombo hadi ukingoni, amari ikafungwa kwenye mti, lakini ukingo ulikuwa wa mteremko mkali. Chombo kikateleza kikarudi kilindini. Queen of the West ilisogea kuwapokea mabaharia. Baada ya takribani dakika 12 Cairo ilikuwa imezama katika maji ya pima sita, yaani kama mita 11, na ncha za dohani ndizo pekee zilizoonekana. Hakufa mtu. Selfridge akaamuru dohani na milingoti iangushwe ili adui asijue mahali pa kuopoa.

6.0 Swali la dhamana

Je, alaumiwe Selfridge? Alipewa tahadhari, akaliona bomu kwa macho, akampita aliyetumwa kutangulia. Hayo hayakanushiki. Hata hivyo, kamanda wake mkuu, David Dixon Porter, hakumshtaki. Alilichukulia tukio hilo kama ajali ya vita iliyotokana na bidii ya ofisa, akampa manowari nyingine, Conestoga. Hiyo nayo ilizama tarehe 8 Machi 1864 baada ya kugongana na meli ya upande wao wenyewe. Wapo waliomfanyia mzaha Selfridge kwa mfululizo huo. Mwandishi haoni kwamba mzaha ni ushahidi.

La kuzingatia ni vifaa alivyokuwa navyo. Njia pekee ya kusafisha mto ilikuwa mashua za makasia, bunduki na macho ya watu katika maji ya matope. Kusimama katikati ya mto mwembamba kulimaanisha kuwa shabaha ya wapiga bunduki wa kingoni; ndiyo maana vyombo vya deraya viliombwa. Yaani Cairo ilitumwa kwa sababu ya chuma chake cha juu, mahali ambapo hatari kubwa ilikuwa chini. Nahodha mwingine angeweza kuokoka siku hiyo. Chombo hicho kingebaki na tumbo lilelile la mbao.

Ushahidi wa hoja hii unatolewa na mto wenyewe. Baada ya Cairo kuzama ndipo Charles Rivers Ellet alipobuni reki ya kufungwa mbele ya meli ya kugongea ili kunasa nyaya za mabomu. Askari wa Sherman walishuka Yazoo mwishoni mwa Desemba na kushindwa vibaya Chickasaw Bayou tarehe 29. Kisha tarehe 13 Julai 1863, siku chache baada ya Vicksburg kusalimu amri, Baron DeKalb, ambayo awali iliitwa St. Louis na ilikuwa ya usanifu uleule wa Pook, ilizamishwa kwa bomu la majini katika mto uleule karibu na Yazoo City. Nahodha wake hakuwa Selfridge.

7.0 Mabaki

Tope liliifunika Cairo kwa zaidi ya karne. Mwaka 1956 Edwin C. Bearss, Warren Grabau na Don Jacks waliitafuta kwa mashua ndogo na dira, wakitegemea sindano ya dira kuyumbishwa na chuma kingi kilichoko chini. Mwaka 1960 kibanda cha rubani kiliinuliwa. Mwaka 1964 lilifanywa jaribio la kukiinua chombo kizima kwa nyaya nene za chuma, lakini nyaya ziliingia katika mbao kama kisu, na ikalazimu kukikata vipande vitatu. Vilipakiwa kwenye tishali na baadaye kupelekwa Pascagoula, pwani ya Mississippi, ambako vilikaa hadi 1977 huku jua na hewa vikiziharibu mbao ambazo tope lilizihifadhi vizuri.

Kwa kuwa mabaharia waliondoka kwa dakika 12 tu, walikiacha kila kitu: vyombo vya kulia, chupa za dawa, silaha, vitu vyao binafsi. Kwa mwanahistoria wa maisha ya mabaharia wa kawaida, hazina hii ina thamani kuliko ripoti za mapigano ya Memphis. Vitu hivyo vimewekwa katika makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1980 ndani ya hifadhi ya kitaifa ya Vicksburg. Kando yake manowari imesimamishwa chini ya paa. Mabamba ya deraya, injini, boila na mizinga ni vya asili. Pale mbao zilipopotea, umbo limekamilishwa kwa mbao mpya zilizogundishwa, na mgeni anaweza kupita katikati yake akaona mahali chuma kilipoishia.